Makaburi, Daftari la Pili la Usharika

(Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka 100, jambo la kwanza linalofanywa ni kufungua madaftari. Husomwa daftari la ubatizo, la kipaimara na la ndoa. Hutajwa majina ya wachungaji na wainjilisti waliotangulia, na miaka ambayo kila mmoja alihudumu. Hilo ni jema na linampa Mungu utukufu.

Hata hivyo, kila usharika unalo daftari la pili ambalo halifungiwi kabatini. Hilo ni makaburi yake. Humo wamo wale waliobatizwa na kuandikwa katika daftari la kwanza, na wamo pia wengi ambao jina lao halikupata kuandikwa mahali pengine popote. Atembeaye katika makaburi ya zamani ya ukanda huu wa Shinyanga na Geita ataona hali yenyewe: misalaba ya mti imeliwa na mchwa, maandishi juu ya saruji yamefutika kwa mvua, na njia ya ng'ombe imepita juu ya vilima vya udongo ambavyo havionekani tena. Mada hii inasema jambo moja: makaburi hayahifadhiwi na mawe wala na ukuta, bali huhifadhiwa na watu walio hai wanaojua ni nani amelala wapi, na ambao wako tayari kulisema hilo mbele ya mashahidi.

Makaburi ya Usambiro

Kusini mwa Ziwa Viktoria, katika ukanda ambao leo unafahamika kwa dhahabu ya Geita, palikuwa na kituo cha misheni kilichoitwa Usambiro. Kilikuwa cha CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, wala hakikuwa cha Walutheri. Lakini Wakristo walizikwa hapo mapema sana katika historia ya Injili upande huu wa ziwa, kwa hiyo habari zake zinalihusu Kanisa lote.

Mwezi Machi 1888 Askofu Henry Parker alifariki Usambiro. Yeye alikuwa mrithi wa Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwezi huohuo alifariki pia mwenzake, Mchungaji Blackburn. Kazi ya kituo ikaendelea mikononi mwa Alexander Mackay, mhandisi kutoka Uskoti, ambaye Julai 1887 alikuwa amelazimika kuondoka Buganda wakati wa Kabaka Mwanga. Usambiro aliendelea kujenga, kufasiri na kuchapa sehemu za Maandiko kwa lugha ya Kiganda. Agosti 1889 Henry Morton Stanley, akielekea pwani pamoja na Emin Pasha, alipumzika kituoni hapo kwa muda wa majuma yapata matatu. Miezi michache baadaye, Februari 1890, Mackay alifariki kwa homa akiwa na umri wa miaka 40, naye akazikwa hapohapo.

Baada yake kituo hakikudumu. Kazi ya CMS upande wa kusini wa ziwa ilibaki Nasa, kwenye Ghuba ya Speke, na mwaka 1909 Nasa nayo ilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, ambayo kazi yake ilizaa Kanisa la AIC. Mwaka 1927, ilipotimia miaka 50 tangu wamisionari wa kwanza wa CMS wafike Buganda, mabaki ya Mackay yalihamishwa na kuzikwa upya Namirembe, Kampala, karibu na Kanisa Kuu.

Yafaa jambo hili litafakariwe kwa makini. Mackay alikumbukwa kwa sababu Uganda palikuwapo Kanisa lililokuwa likilitaja jina lake mwaka hata mwaka. Usambiro hapakubaki usharika wa kukaa pamoja na makaburi. Tena, ikiwa askofu na mhandisi mashuhuri wanahitaji watu wa kuwakumbuka, je, wapagazi waliobeba mizigo yao kutoka pwani, mafundi waliojenga nyumba zao na watumishi waliowauguza? Vitabu vya misheni vinasema machache mno juu ya hao, na ardhi haina msalaba wa kuwaonyesha.

Wageni wa ukanda wa dhahabu

Kwa desturi ya Wasukuma wa zamani, kama ilivyokuwa kwa makabila mengi ya jirani, maziko yalikuwa jambo la nyumbani. Mzee alizikwa katika boma lake, na watoto wake walijua mahali bila kuhitaji maandishi. Makaburi ya pamoja, ambapo mtu hulala kando ya mtu asiye wa ukoo wake, yalikuja pamoja na misheni, miji na migodi.

Migodi ndiyo iliyoleta watu wengi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa tangu mwaka 1940. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wamekuwapo wachimbaji wadogo wa maduara, ambao huhama na kila rashi mpya ya dhahabu, wakiacha nyuma mashimo, vibanda na mara nyingi makaburi.

Katika sharika za ukanda huu wamo Wasukuma, Wanyamwezi, Wasumbwa na Wazinza, na wamo pia Wahaya, Wachaga, Wanyiramba na wengine waliofuata kazi. Inajulikana kwamba Mhaya hupenda kuzikwa katika kibanja cha baba yake na Mchaga katika kihamba chake. Wenye uwezo husafirisha marehemu wao kurudi nyumbani. Kwa hiyo wengi wanaolala katika makaburi ya sharika za migodini ni wale ambao nauli ya jeneza haikupatikana, watoto wachanga, wajane, na wachimbaji ambao wenzao walilijua jina moja tu, tena jina la utani la kazini. Hao ndio ambao usharika peke yake ndio ndugu yao.

Oktoba 2015 machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, yaliporomoka. Watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwenzao mmoja alifia humo. Nchi nzima ilistaajabia walionusurika. Kanisa linao wajibu wa kuwakumbuka pia wasionusurika, katika ajali hiyo na katika nyingine nyingi ambazo magazeti hayakuziandika. Dhahabu husafiri mbali na kutunzwa kwa walinzi. Aliyeichimba hubaki hapa. Mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uchimbaji mwaka 2021, miaka 12 tu baada ya kufunguliwa. Kaburi lilipo, mtu husubiri mpaka ufufuo.

Neno la Mungu na mapokeo ya Kilutheri

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, kinasimulia jinsi Ibrahimu alivyotafuta mahali pa kumzika Sara. Ibrahimu alikuwa mgeni katika nchi ile. Alipopewa mahali bure hakukubali, bali alilipa shekeli 400 za fedha mbele ya wenyeji waliokusanyika langoni pa mji. Maandiko yanataja shamba, pango, na hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka. Kwa hiyo ardhi ya kwanza kumilikiwa na baba wa imani katika nchi ya ahadi ilikuwa kaburi, nayo ilipatikana kwa bei, kwa mipaka na kwa mashahidi. Usharika usiojua mipaka ya makaburi yake bado haujafika alipofika Ibrahimu.

Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Dakta Martin Luther aliandika juu ya wajibu wa Mkristo wakati wa ugonjwa, na mwishoni aligusia makaburi. Alisikitika kwamba makaburi ya mji wake yalikuwa njia ya kila mtu na karibu kufanana na soko. Alishauri yawe mahali patulivu, nje ya mji, ambapo mtu aweza kwenda kutafakari kifo, hukumu na ufufuo. Ni onyo linalouhusu kila usharika ambao makaburi yake yamegeuka njia ya mkato ya kwenda gulioni.

Wako wazee ambao hadi leo wana mashaka. Wanakumbuka jinsi wainjilisti wa kwanza walivyokataza matambiko ya masamva, yaani mizimu ya wazee, nao wanaogopa kwamba kutunza makaburi kutayarudisha mambo hayo kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ni ya haki na haifai kudharauliwa. Jibu lake limo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21. Kifungu hicho kinafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili imani ya walio hai iimarishwe kwa mfano wao, lakini wasiombwe msaada, kwa maana mpatanishi ni mmoja tu, Kristo. Anayefyeka nyasi juu ya kaburi la mwinjilisti haombi chochote kwa mwinjilisti huyo. Anamshukuru Mungu aliyemtuma.

Sheria za nchi

Ni vema washarika wajue sheria zinavyosema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na maziko ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyo ya baadaye yanahitaji kutangazwa na Waziri. Maana yake ni kwamba hata makaburi ya Usambiro, ambayo ni ya mwaka 1888 na 1890, hayaingii katika ulinzi huo kwa umri wake tu. Makaburi ya sharika za Kilutheri, ambayo ni machanga zaidi, yako mbali zaidi na ulinzi huo.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inaitaja ardhi iliyotengwa kwa maziko miongoni mwa ardhi ambayo mwenye leseni hawezi kufanyia kazi bila ridhaa ya maandishi ya mamlaka. Nayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi yahamishwe ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, lakini kwa taarifa, kwa heshima ya dini ya marehemu, na kwa kulipa gharama za kuhamisha na kuzika upya.

Sheria hizi zote mbili zinategemea kitu kimoja, nacho ni ushahidi. Ardhi haiwezi kutambuliwa kuwa imetengwa kwa maziko ikiwa hakuna ramani wala kumbukumbu ya kutengwa kwake. Taarifa haiwezi kumfikia ndugu wa marehemu ikiwa hakuna ajuaye marehemu ni nani. Siku mpimaji atakapofika na vigingi vyake, atauliza karatasi. Kaburi lisilo na jina halina wa kulisemea, na katika ukanda ambao udongo wenyewe una bei, kimya hicho huweza kulifuta kwa siku moja.

Mfano wa ngitili

Wako watakaosema kwamba usharika wenye paa linalovuja na wanafunzi wasio na karo hauna fedha za kuwatumikia waliokufa. Wana Shinyanga wanalo jibu lao wenyewe. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI, wakati mkoa ulipokuwa ukigeuka jangwa. Mafanikio yake makubwa hayakuja kwa kuleta kitu kigeni, bali kwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kulipumzisha kwa ajili ya kiangazi. Vijiji vilijiwekea sheria, dagashida ikasimamia, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na nyasi na miti. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ngitili haikulindwa kwa ukuta. Ililindwa kwa sababu kila mtu kijijini alijua mpaka ulipo, alijua faini ya kuuvuka, na alijua kwamba wakati wa ukame ndiyo itakayookoa mifugo yake. Makaburi ya usharika yaweza kutunzwa kwa njia hiyohiyo. Ni akiba iliyotengwa na vizazi vilivyotangulia kwa ajili ya kiangazi cha kumbukumbu, wakati wazee wanaojua wote watakapokuwa wameondoka.

Upo pia mfano kutoka kaskazini mwa nchi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 waliishi Tengeru, karibu na Arusha, na wengine waliwekwa hata Kidugala, kituo cha misheni ya Kilutheri kusini mwa nchi. Walipoondoka waliacha Tengeru makaburi yapatayo 150. Makaburi hayo yametunzwa, na watu kutoka Polandi na kwingineko huja kuyazuru na kujifunza. Ikiwa makaburi ya wageni waliokaa miaka michache yameweza kuwa mahali pa elimu na urafiki wa mataifa, basi makaburi ya wenyeji waliokaa maisha yao yote yanastahili jitihada isiyo pungufu ya hiyo.

Mambo ya kutenda

Mosi, liandikwe daftari la maziko. Kila kaburi lipewe namba na kuonyeshwa katika ramani ya mkono. Liandikwe jina la marehemu, jina la baba au la ukoo, alikotoka, kazi yake na mwaka aliofariki. Kazi hii yaweza kufanywa na vijana wa kipaimara, kila mmoja akiketi na mzee mmoja na kuandika anayoyakumbuka. Pale ambapo jina halijulikani, iandikwe hivyo kwa uaminifu. Nakala moja ibaki usharikani na nyingine ipelekwe Dayosisini.

Pili, mipaka ithibitishwe. Baraza la Wazee liombe eneo lipimwe na liingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji au wa mji. Mpaka uoteshwe minyaa au mikonge, ambayo ng'ombe hawaili na ambayo kila mkulima anaifahamu. Majirani wasio washarika waitwe siku hiyo wawe mashahidi, kama ilivyokuwa langoni pa mji wakati wa Ibrahimu.

Tatu, matunzo yafanywe kwa busara. Kabla ya kugusa kaburi lolote la zamani, lipigwe picha. Maandishi yasisuguliwe kwa brashi ya waya, wala msalaba wa zamani usitupwe kwa kuwa umepatikana mpya. Kilichochakaa hakika kihifadhiwe ofisini pamoja na maelezo yake.

Nne, makaburi yarudishwe katika ibada. Katika miji kadhaa ya nchi hii Wakristo hukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka, desturi iliyoanzishwa na Wamoravian wa Herrnhut mwaka 1732. Usharika unaosoma majina ya waliolala huku jua likichomoza hauhitaji kufundishwa kwa maneno mengi maana ya ufufuo.

Tano, mlango ufunguliwe kwa jamii. Walimu wa shule za jirani waalikwe kuwaleta wanafunzi, maana humo wataisoma historia ya magonjwa, ya safari za kutafuta kazi na ya migodi, kwa tarehe na majina. Wageni wakaribishwe kwa utaratibu, kwa idhini ya familia na kwa kiasi. Wasifanye makaburi kuwa jumba la maonyesho, na sadaka watakayotoa itumike kutunza makaburi hayohayo.

Hitimisho

Katika kazi hizi tano, nne zaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Ya kwanza haiwezi. Msalaba ulioanguka waweza kusimamishwa hata baada ya miaka 10, na mpaka uliopotea waweza kupimwa tena. Lakini mzee anayejua ya kwamba chini ya mkungu ule amelala mchimbaji fulani, aliyetoka Iramba, aliyeimba kwaya na kufariki bila ndugu, akiondoka na habari hiyo hakuna mpimaji awezaye kuirudisha.

Kwa hiyo zawadi inayofaa ya miaka 100 ni kalamu, daftari, na kijana mmoja aliyetumwa kwa mzee mmoja kabla ya mvua zijazo. Watakaoadhimisha miaka 200 watafungua madaftari kama ilivyofanyika leo. Wakilikuta na hilo la pili, watajua kwamba waliowatangulia waliwahesabu wote, pamoja na wale ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwahesabu.

Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, ambaye si Mungu wa wafu bali wa walio hai, aubariki Usharika huu na wote waliolala ndani yake. Amina.